Pini ya Chini

Torleif alikuja saa mbili kasoro, theluji bado begani,
akasema gari linalia.
Nikamwuliza: linalia vipi?
Akaweka kofia juu ya kaunta, akafikiri.
"Kama nguruwe anayejua siku imefika."

Magari ya umeme ndiyo taabu yake hapa Andenes:
la petroli lilikuwa na kelele za kufunikia aibu,
hili likikohoa tu, mtaa mzima unageuza shingo.

Nikapanda naye. Tukateremka kuelekea bandarini,
barabara imemwagiwa chumvi mpaka imekuwa nyeupe mara mbili.
Akaondoa mguu, gari likajizuia lenyewe:
mota ikachota mwendo, ikaurudisha betrini
kama mwenye duka anayeokota sumni sakafuni.
Kimya.
"Unaona?" akasema, kana kwamba nimemwita mwongo.
Rudi nyuma, nikamwambia, polepole, halafu kanyaga.
Hapo likalia.
Shakwe watatu wakaruka kutoka paa la kiwanda cha samaki.

Karakana. Jeki. Nati tano, ya nne imeng'ang'ana.
Gurudumu la nyuma, kulia.
Diski ina rangi ya chai iliyosahauliwa,
ukingoni kutu imeinuka kama ukoko wa wali.
Kucha yangu ikasoma: mfereji, mfereji, tambarare, mfereji.
Na pedi nene! Kilomita elfu sitini na mbili,
pedi kama buti za mtu asiyetoka nyumbani.

"Basi hazijaisha," akasema, amefurahi.
Hazijaisha, nikasema. Hazijaanza.

Kalipa hutelezea pini mbili.
Ya juu ikatoka kwa vidole.
Ya chini ikakataa. Nikaipa mafuta, nikaipa moto kidogo,
nikaipa maneno ambayo mama hakunifundisha,
ikatoka kavu, nyekundu, mpira wake umepasuka
pale maji ya chumvi yalipopata mlango.
Ndiyo maana pedi iliinama, ikagusa diski kwa pembe tu,
kama mtu anayebisha hodi kwa kucha.

Torleif alikuwa ameketi kwenye kreti ya boliti.
Gari ni la Solbjørg, akasema.
Alilipendea hilo, kwamba hukanyagi.
"Unaacha tu," alikuwa akimwambia. "Unaacha, lenyewe linajua."
Mwaka wa pili huu anaendesha kama alivyofundishwa:
dukani, kanisani, makaburini,
kanyagio la kushoto halijui kiatu chake.
Nadhani alitaka kusema na jingine.
Nilikuwa na msasa mkononi, sikuuliza.

Nikasugua mabano hadi chuma kikang'aa.
Pini mpya, mpira mpya, grisi ya silikoni,
si ile ya kopo la buluu
(shemeji yangu hutumia ya kopo la buluu; breki zake zinasikika Harstad).
Pedi nikazipitisha msasa, nikazichonga pembe.
Diski nikaiacha. Haikuwa ya kutupwa. Ilikosa kazi.

Barabara ya uwanja wa ndege, hakuna mtu.
Weka gia huru, nikamwambia, mota isikusaidie.
Themanini mpaka ishirini. Kanyaga kwelikweli.
"Nitaliharibu."
Utalitumia.

Ya kwanza: yowe, mkwaruzo, harufu ya kutu inayoungua.
Ya tatu alikanyaga hadi mkanda ukanibana kifua.
Ya sita, mluzi.
Ya tisa, upepo, na mbwa mahali fulani.
Ya kumi haikuhitajika. Akaifanya.

Nikamwandikia nyuma ya bahasha:
*Kila Ijumaa, gia huru, mara tano.
Usilioshe ukaliegesha limelowa.*
Akaikunja, akaichomeka juu ya kioo, kwenye kikinga jua.
Palikuwa na karatasi nyingine pale, ya zamani, mwandiko mdogo.
Hakuitoa.

Ijumaa usiku nilikuwa nakunja nguo.
Kutoka upande wa uwanja wa ndege nikasikia
tairi zikiuma lami, kimya, zikiuma tena.
Nikahesabu, soksi mkononi.
Nilimwambia tano.
Zilifika saba.